Mzabibu Usiozaa wa Gachanja

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi 1959, saa tisa alasiri, Mzee Hezekiah Kiptanui alipoagiza kitanda chake kitolewe nje na kuwekwa katikati ya mizabibu, ili aseme maneno yake ya mwisho mahali pasipo na ukuta wa mtu kujificha nyuma yake.

Micah, mwanawe, alishika upande wa kichwani, na Chepkemei, mke wa Micah, akashika upande wa miguuni. Cherono, bintiye, alifuata na blanketi na mto. Walipokitua kitanda mzee hakuridhika. Aliwaambia wamgeuze atazame kayaba, ule ua mrefu wa miiba uliotenganisha shamba lake na kiwanja cha Gachanja, kwa kuwa hakutaka kufa huku amempa kisogo jirani ambaye hakujua anafanya nini upande wa pili.

Chepkemei alipoleta mchuzi, mzee aliuliza ni nani aliyewasha moto, kama kuna mtu aliyepita karibu na jiko, na kama sufuria ilifunikwa. Kisha akamwambia auonje kwanza. Chepkemei akanywa kijiko kimoja, akafuta mdomo, akasema kama ameweka sumu basi wataondoka pamoja, na yeye atatangulia amfungulie mlango. Mzee hakucheka, ila mchuzi aliunywa.

Shamba lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la misheni, nje kidogo ya Rongai, mahali ambapo ardhi yote iliyozunguka ilikuwa ya masetla, wala mtu kama Hezekiah hakuwa na njia ya kupata hata kipande chake mwenyewe. Padri mzee, aliyekwisha kufa zamani, ndiye aliyempa sehemu ile alipokuwa bado kijana, apande zabibu za divai ya altare, wakakubaliana kwamba maadamu zabibu zinafika kanisani, yeye na wanawe watakaa hapo. Kwa miaka mingi zilifika, kikapu juu ya kikapu. Kisha mwaka ule baada ya Gachanja kuchukuliwa na askari wakati wa Hali ya Hatari, mizabibu ikaacha kuzaa. Ilichanua kama kawaida na harufu yake ikafika hadi barabarani, lakini baada ya siku chache maua yalianguka yote, chini kukawa kama kumemwagwa chenga za mboga, na kwenye vikonyo zikabaki punje mbili tatu ndogo kama pilipili manga, zisizo na mbegu wala dalili ya kukua. Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa kwanza padri mpya alikuja, akakaa kwa heshima, akanywa chai, akasema kama mwaka huu pia hakutakuwa na zabibu, misheni itajenga bweni la shule pale, na familia itafute mahali pengine. Micah alikuwa na watoto wanne na hakuwa na mahali pengine.

Cherono aliyajua hayo kwa barua. Alikuwa amefika asubuhi hiyohiyo kwa treni kutoka Kampala, akitoka Makerere alikokuwa akisoma elimu ya mimea, baada ya kupata simu ya Micah kwamba baba anaondoka. Alimkuta baba amelala. Naye, kama alivyozoea kila hofu ilipomshika, alitafuta kitu cha kutazama kwa karibu. Alichukua kioo chake kidogo cha kukuzia, akaingia kati ya safu. Alichokiona huko alikuwa bado hajamwambia mtu pale mzee alipoanza kusema.

"Sogeeni, wanangu, mkae mahali ninapoziona nyuso zenu, kwa maana sauti niliyo nayo ni ya leo tu, na sitaki kesho mtu aseme Hezekiah alisema hivi na mwingine aseme alisema vile. Micah, ng'ombe mwekundu ni wako. Ndama wake ni wa Cherono, hata kama huko Kampala hakuna pa kumfunga. Msimchinje mkasema alimezwa na fisi, kwa maana fisi wa hapa nawajua wote. Baiskeli ni ya Micah, lakini msimwazime mtu wa jikoni kwa padri, nimeona jinsi anavyoitazama. Na ndugu yangu Kipkemboi wa Sachangwan atakuja kunizika. Mpeni chakula, mpeni mahali pa kulala, lakini asilale katika chumba changu. Yule akiingia nyumba ya mtu macho yake huanza na mabati."

Alipumzika, pumzi ikipiga kifuani kama mtu apandaye mlima. Chepkemei akamfuta jasho. Mzee akausukuma mkono wake taratibu, akainua kidole kuelekea kayaba.

Hapo alisimulia habari ambayo Micah aliijua neno kwa neno, na Cherono alikuwa hajawahi kuisikia yote. Alisema yeye na Gachanja waliishi kama majirani tangu wote wawili wakiwa hawajaoa, wakichota maji mahali pamoja, na binti wa Gachanja, Nyakio, akacheza na Cherono chini ya mizabibu hii. Gachanja naye alipewa mzabibu na yule padri wa zamani, mmoja tu, akaupanda kwenye kayaba. Mzabibu huo haukuzaa hata punje. Ulichanua kuliko yote na haukuzaa. Misheni nzima iliufanyia mzaha, wakimwambia Gachanja autie shanga labda utapata mume, naye alicheka pamoja nao na kuendelea kuupogoa na kuufunga vizuri, kila mwaka, matawi yake akiyalaza juu ya ua hadi upande wa Hezekiah.

"Sasa nisikilizeni hapa, wala msipepese macho. Askari walipokuja kumchukua, alisimama palepale mnapopaona, mikono juu ya kichwa, bunduki mgongoni, mkewe analia. Mimi nilikuwa upande huu. Mtu katika hali hiyo angeniambia nimtazamie watoto. Angeniambia nimtazamie mbuzi. Yeye alinitazama akasema, Hezekiah, nitunzie mzabibu wangu. Maneno hayo tu. Nimeyageuza miaka yote hii kama mtu anayegeuza jiwe kutafuta nyoka. Mtu mwenye bunduki mgongoni anausia mti usiozaa wa nini?"



Aliendelea kwamba siku chache baadaye watu walitumwa kubomoa nyumba ya Gachanja, wakaukata na mzabibu hadi ukabaki kisiki. Na kuanzia msimu uliofuata mizabibu yake ikawa tasa. Basi akaelewa. Mti ule ulikuwa umewekwa dawa, na dawa yenyewe ilikuwa kwamba atakayeugusa au kuuacha uguswe, chake kitakauka. Alijaribu kila njia. Aliweka mbolea maradufu, majani yakawa makubwa kama masikio ya tembo na maua yakaanguka zaidi. Alilinda usiku. Alimbadilisha mtu wa kusaidia kupogoa, kisha akambadilisha aliyembadilisha. Mwaka jana Gachanja akarudi kutoka kizuizini, akiwa na kibali cha kufanya kazi misheni, mwembamba, haongei sana. Kisiki kilikuwa kimekwisha kuchipua, kimepanda tena juu ya kayaba, na mwaka huu kwa mara ya kwanza kimechanua.

"Na tazameni kona ile. Micah, waambie wenzako ulichoniambia Jumanne."

Micah, bila kumtazama dada yake, alisema mizabibu ya konani, ile inayopata jua mapema na kuchanua kabla ya mingine, ilikuwa imeshika. Punje ziko kwenye vishada, za kijani, ngumu, zimejaa, kama zamani. Ni kona hiyo tu, iliyo karibu na kayaba.

"Mmeona," akasema mzee. "Amefungua kona moja tujue kwamba ufunguo uko kwake. Anangoja nimwendee na kofia mkononi. Sitakwenda. Kwa hiyo maneno yangu ni haya. Kesho, kabla ya kuchimba kaburi langu, kama nitakuwa nimekufa, na hata kama sijafa, Micah, chukua panga na jembe, uukate mzabibu ule, ung'oe mzizi wake wote, uuchome hadi uwe majivu. Gachanja asivuke ua huu kuja kunililia. Asimimine udongo juu yangu. Mnasema ndiyo?"

Micah akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba yake, kama ilivyopasa, akasema ndiyo. Chepkemei akafanya vivyo hivyo. Kila mmoja aliyekuwa pale alijua kwamba neno aliloitikia mtoto mbele ya mzazi anayekufa halirudishwi, na kwamba asiyeitikia hawezi kutazamia kubarikiwa.

Zamu ikawa ya Cherono. 

Asubuhi ile hakutaka kuamini jicho lake, akatazama tena na tena. Kwanza alifikiri ni mvua, kwani maua ya mzabibu yakilowa hayashiki. Lakini mvua ilikuwa haijaanza, vumbi lilikuwa bado limetanda barabarani. Akafikiri ni baridi. Akafikiri ni ile mbolea nyingi, nguvu yote kwenda kwenye majani, na hilo alijua lina sehemu yake. Akatazama kama maua yameshindwa kujivua kofia, kwa maana ua la mzabibu halifunguki kwa juu kama maua mengine. Petali zake tano zimeshikana kileleni, hukatika chini na kuanguka pamoja kama kofia ndogo ya kijani. Kofia zilikuwa zimeanguka vizuri. Ndipo alipotazama kilichobaki, chuchu ya kijani katikati, nono, iliyo na mbegu za baadaye ndani yake, na pembeni nyuzi tano za kiume zilizopaswa kusimama wima na kumwaga chavua, ule unga wa manjano. Hazikusimama. Zilikuwa fupi, zimepinda kwenda chini na nyuma, na vichwa vyake havikuacha hata alama ya unga kwenye kucha. Alikagua mzabibu baada ya mzabibu. Yote ilikuwa vile. Kisha akaenda kwenye kayaba, akavuta tawi la Gachanja, na miiba ikamchana. Nyuzi zilikuwa ndefu, zimesimama kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na unga ukamjaa kiganjani. Katikati, mahali pa chuchu, hapakuwa na kitu, kidoa tu.

Mizabibu ya namna hiyo alikuwa ameiona kwenye mchoro wa darasani, mara moja tu. Kama amekosea, atakuwa amekataa neno la baba yake kwa ajili ya mchoro.

"Cherono," akasema mzee. "Mkono."

"Baba, siwezi kusema ndiyo."

Micah akageuka. Chepkemei akanong'ona, "Wifi, tafadhali."

"Ukikatwa, hakutakuwa na zabibu mwaka huu wala mwakani," akasema Cherono, na maneno yakamtoka kwa haraka, yakipandana. "Mizabibu yako ni ya kike, baba. Yote. Haina unga wa kujitosheleza. Ule wa Gachanja ni wa kiume. Hauzai kwa sababu hauna pa kuzalia, lakini yako inazaa kwa unga wake. Ndiyo maana alikuwa akilaza matawi huku. Ulipokatwa, ndipo yako ilipoanza kuangusha. Umechanua mwaka huu, na kona iliyo karibu imeshika."

 Mzee akauliza ni nani aliyemfundisha kusema hivyo, na kama tangu ashuke kwenye treni alikuwa ameongea na Gachanja au na Nyakio. Cherono akasema hapana, hata hajawaona. Akauliza kama padri mpya alimwandikia. Akasema hapana. Basi mzee akaomba aonyeshwe.

Cherono akachuma kishada kimoja kutoka safu iliyokuwa karibu na kingine kutoka kwenye kayaba, akapiga magoti kando ya kitanda, akamshikia kioo mbele ya jicho lake zima, lile la kulia. Mzee akatazama cha kwanza, akatazama cha pili, akarudi cha kwanza. Alitikisa cha Gachanja juu ya shuka jeupe, na unga ukabaki pale. Akatikisa chake mwenyewe. Hakuna kilichobaki.

Cherono alifikiri sasa yamekwisha. Aliona uso wa baba yake ukilegea, akangoja aseme neno jingine.

"Basi alijua," akasema mzee.

"Baba?"

"Gachanja. Alijua." Sauti ilikuwa imeshuka, ikabidi wote wainame. "Mtu haulazi mti juu ya ua wa mwenzake miaka yote bila kujua. Nilibeba vikapu kanisani, padri akaniita mkulima hodari mbele ya watu, nami nikaketi chini. Yule alikuwa nyuma kabisa, anajua. Aliniacha nicheke mti wake. Watu walimwambia autie shanga, na mimi... mimi nilicheka kuwashinda wote. Naye ananitazama tu."

"Hatujui kama alijua."

"Wewe hujui. Ukatwe."

Akafumba macho. Pumzi yake sasa ilikuja kwa vipande, na kati ya kipande na kipande wakahesabu moyoni bila kutaka. Alipozungumza tena ilikuwa ni baraka, na kila neno lilichukua nafasi ya matatu. Alimwekea Micah mkono kichwani, akasema watoto wako wawe na mahali pa kusimama, wasiitwe wageni kila waendako. Akamwekea Chepkemei, akasema mikono yako isipungukiwe, mchuzi ulikuwa mzuri, chumvi... chumvi ilizidi. Chepkemei akalia kwa sauti.

Kisha mkono ukamfikia Cherono. Alikuwa bado amepiga magoti. Aliusikia ukitua juu ya nywele zake, mzito, wenye joto bado, akangoja. Midomo ya mzee ilisogea. Hakuna neno lililotoka. Mkono ukabaki pale, wala hakujua kama ulikuwa umewekwa au umeangukia tu, na Micah alipouinua hatimaye na kuurudisha juu ya kifua cha baba yao, jua lilikuwa bado juu ya mashamba ya mkonge na mzee alikuwa amekwisha kwenda.

Asubuhi iliyofuata, wanawake walipokuwa ndani na maiti, Cherono alimkuta Micah nyuma ya nyumba akinoa panga. Alimwambia aache. Micah akasema hataki ugomvi siku kama hii, elimu ni ya dada yake, lakini kiapo ni chake, na hakuwa tayari kumzika baba yake kama mtu aliyedanganywa kitandani. Alisema pia, bila kumtazama, kwamba hajui watoto wake watalala wapi mwezi wa kumi na mbili.

"Kwa hiyo unaukata mti utakaowalaza," akasema Cherono.

"Nimesema ndiyo, Cherono. Ulinisikia."

"Nilikusikia. Naye alinisikia nikisema hapana. Nipe mpaka siku ya kuchimba kaburi. Baba alitaja leo, lakini alisema kabla ya kaburi. Kipkemboi hajafika, kaburi halichimbwi leo. Nipe asubuhi ya leo na ya kesho."

Micah alipitisha kidole kwenye makali ya panga. Akasema kesho atakata. 

Cherono akaenda kwenye kayaba. Gachanja alikuwa amesimama upande wake, amevaa koti alilorudi nalo kutoka kizuizini, kofia mkononi. Alikuwa amesikia vilio. Hakuwa amesogea hata hatua kuelekea njia ya kuingilia.

"Pole, mama," akasema.

"Asante, Baba Nyakio."

"Ningekuja. Lakini nikija watasema nimekuja kutazama kazi yangu."

Cherono hakuweza kukana. Alimwuliza kwa nini aliusia mzabibu siku ile. Gachanja alimtazama usoni, kisha akatazama nyumba nyuma yake, kama mtu anayepima ni nani aliyetuma swali.

"Ni wewe unauliza, au kuna mtu ataandika jibu?"

"Ni mimi."

"Yule padri alinikataza kuukata. Alisema matawi yalale upande wa Hezekiah, kila mwaka. Hakusema kwa nini. Nami sikuuliza. Kwa Wazungu ukiuliza sana unaitwa mjuaji. Siku ile nilifikiri, wakija kuukata, padri ataniuliza." Aliigeuza kofia mkononi. "Padri alikuwa amekwisha kufa. Nilisahau. Ukishikiwa bunduki unasahau mambo."

Cherono akataka kumwambia, wakati huohuo, kwamba baba yake alikufa akiamini jambo jingine.  Lakini jua lilikuwa limefika juu ya kayaba, na kwenye vishada kofia ndogo za kijani zilikuwa zimeanza kudondoka.

"Nikatie yaliyochanua," akasema. "Mengi. Nipitishie hapa juu."

Gachanja hakuuliza. Alitoa kisu mfukoni, akachagua, akakata, akanyoosha mkono wake katikati ya miiba, na Cherono akapokea. Alipogeuka alimwona Micah amesimama mwishoni mwa safu, panga limening'inia mkononi, akitazama. Hakumwita wala hakumkwepa. Aliinama chini ya mzabibu wa kwanza, akakitafuta kishada kilichojivua kofia asubuhi ileile, akakigusagusa na maua ya Gachanja, taratibu, pande zote, hadi vidole vyake vikawa vya manjano, kisha akasogea kwenye kishada kilichofuata.